Suluhu si Kusamehe Haki Yako: Kijana, Takaful na Meza ya Usuluhishi



Ndugu zangu wa Kongo na Kawangware yote, na nyinyi mliovuka kutoka Makina, Kibera, karibuni. Mada ya leo haina kelele. Hakuna aliyekamatwa, hakuna msikiti uliovamiwa. Tunamzungumzia kijana aliyelipa mchango wake wa takaful, akapatwa na balaa, akaenda kudai, akaambiwa hapana. Je, amedhulumiwa? Na akitaka kujua kama amedhulumiwa, aende wapi? Nitashughulika zaidi na hilo swali la pili, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wengi wanapopotea. Wengine wanakata tamaa wanarudi nyumbani, wengine wanaenda mtandaoni kutukana.

Tuelewane kwanza takaful ni nini, maana nikitaja bima hapa mtaani wengi wanawaza ile stika ya kumwonyesha askari wa barabarani, basi. Katika bima ya kawaida wewe unanunua ahadi. Unalipa, kampuni inabeba hatari, mwaka ukipita salama pesa ni zao. Wanachuoni wengi wameikataa biashara hiyo kwa ajili ya gharari, kamari na riba iliyomo ndani yake. Takaful imejengwa kwingine. Mchango wako unautoa kwa nia ya tabarrui, unaingia katika mfuko wa pamoja, na mfuko huo ni wa washiriki wenyewe. Kampuni ni mwendeshaji tu. Inalipwa ujira kama wakala wenu, au inapata sehemu ya faida ya uwekezaji kwa njia ya mudharaba. Ziada ikibaki, mkataba unasema itagawanywa vipi. Mfuko ukipungukiwa, mwendeshaji anaukopesha qardh hasan, mkopo usio na riba.

Kwa sura yake ya kisasa jambo hili lilianza Sudan mwaka 1979. Malaysia ikalitungia sheria mwaka 1984. Hapa Kenya tulipata benki mbili za Kiislamu kwanza, zilizofungua milango mwaka 2008, kisha mwaka 2011 ikaja Takaful Insurance of Africa, kampuni ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya takaful. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Kuna mikataba, kuna fomu zilizotiwa saini, na penye mkataba ugomvi hauko mbali.

Na ugomvi wa takaful si lazima uwe na mwizi ndani yake. Nawapa mfano wa Wajir. Mwaka 2013 kampuni hiyo, ikishirikiana na watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, ilipeleka huko takaful ya mifugo. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inapima ukijani wa malisho kutoka angani, na kipimo cha eneo kikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wafugaji wa eneo hilo wanalipwa. Machi 2014 wafugaji wa Wajir wakapokea malipo ya kwanza. Mpango mzuri. Lakini hebu mfikirie mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekufa kweli, huku setilaiti ikisema nyasi za eneo lake bado zimo ndani ya kiwango. Yeye hasemi uongo, mizoga iko pale. Kampuni nayo haisemi uongo, mkataba uko pale. Hakimu atausoma mkataba na kufunga faili. Mtu wa kuwaketisha wote wawili anaweza kuuliza swali ambalo hakimu haulizi: wakati wa kuuza, huyu mzee alielezwa nini, kwa lugha gani, na nani?

Haya, turudi Kongo. Mtu amekataliwa madai yake, aende wapi?

Kijana wa Kiislamu jibu la kwanza linalomjia ni Kadhi. Si mambo ya sharia haya? Hapana, ndugu yangu. Mnakumbuka vita vya mwaka 2010 juu ya Mahakama za Kadhi. Wakubwa wa makanisa walisema wazi kwamba wataipinga katiba yote kwa sababu ya kifungu hicho, na tarehe 4 Agosti Wakenya wakaipitisha. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kisomeni Kifungu cha 170 mpaka mwisho. Kadhi amepewa mambo manne: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kusimama mbele yake. Biashara haimo. Bima haimo. Na hata ingekuwamo, kampuni iliyosajiliwa haitoi shahada. Kwa hiyo mkataba uliojengwa juu ya sharia kutoka ukurasa wa kwanza, siku ukigombaniwa hauna kadhi.

Unabaki na mahakama za kawaida. Sizibezi. Siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kwa mtu wa boda hiyo ni neema. Ila kwa mtu wa takaful kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni riba. Mahakama ya kawaida ikikupa ushindi, desturi yake ni kuongeza riba juu ya pesa unazodai, kuanzia tarehe fulani mpaka siku ya kulipwa. Sasa angalia mzunguko huo. Ulikimbia bima ya kawaida kwa kuogopa riba, ukaingia takaful, ukagombana, ukaenda mahakamani, ukatoka na hukumu yenye riba, imelipwa kutoka mfuko wa Waislamu wenzako. Unaweza kuikataa, ndiyo. Ni wangapi wanajua hata kwamba imo?

La pili ni kwamba hakimu anatumia sheria ya nchi. Yale maneno mazuri ya tabarrui na wakala yanaweza kusomwa kama mapambo tu. Uingereza mwaka 2004 ilitokea kesi inayotajwa mpaka leo kila wanapozungumzia fedha za Kiislamu. Benki ya Shamil ya Bahrain iliidai kampuni ya Beximco ya Bangladesh. Mkataba wao ulisema unafuata sheria ya Uingereza, kwa kuzingatia misingi ya Sharia. Beximco wakasema mikopo hii kwa kweli ni riba iliyovikwa kanzu, kwa hiyo hailipiki. Mahakama ya Rufaa ikajibu kwamba mkataba hauwezi kuwa na sheria mbili, na Sharia si sheria ya nchi yoyote ambayo wao wanaweza kuitumia hapo. Beximco wakashindwa. Kesi hiyo haimfungi hakimu wa Nairobi, lakini mahakama zetu zimelelewa katika nyumba hiyohiyo, na maamuzi ya kule husomwa huku.

Ndiyo maana nasema meza ya usuluhishi ina maana ya pekee kwa takaful. Pale hakuna hakimu wa kusema Sharia haihusiki. Nyinyi wawili mlioingia mkataba wa Kiislamu mnaweza kuuweka wote mezani, pamoja na misingi yake, na mkakubaliana kwa misingi hiyohiyo. Mkitaka kufidiana hasara halisi ya kuchelewa badala ya riba, mnaandika hivyo. Mkitaka kumuuliza mwanachuoni swali moja la fiqhi kisha mwendelee, mnamuuliza.

Na nchi yetu haikatazi. Kifungu cha 159 cha Katiba kinaziagiza mahakama zihimize usuluhishi, upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi. Tangu Aprili 2016, kuanzia Milimani, kuna usuluhishi ulioambatanishwa na mahakama. Kesi imefunguliwa, inachujwa, inapelekwa kwa msuluhishi aliyesajiliwa, naye ana siku 60 za kuwakutanisha. Humlipi wewe. Mkikubaliana, makubaliano yanarudi mahakamani, yanakuwa na nguvu ya hukumu, na hakuna rufaa. Msipokubaliana, faili inarudi kwa hakimu, na yale mliyosema kwenye meza ile hayatumiki dhidi yenu. Hata mkisuluhishwa kabla ya kesi yoyote, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu makubaliano yaliyoandikwa mbele ya msuluhishi mwenye sifa yasajiliwe mahakamani na kutekelezwa kama hukumu. Neno hilo la kuandikwa mlishike vizuri. Suluhu ya mdomo tu, mbele ya chai na mandazi, kampuni itaisahau kabla hujafika stegi ya 46.

Sasa nije kwenye dini, maana hapa ndipo wengi wanapotuchanganya. Kila mnyonge akidai chake, mtu anasimama anasema, "Suluhu ni kheri, samehe ndugu yangu." Kheri ni kheri, hatubishani. Lakini tazameni Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alivyosuluhisha deni. Kisa kimo katika Bukhari. Ka'b bin Malik alikuwa anamdai Ibn Abi Hadrad. Akamdai ndani ya msikiti, sauti zikapanda mpaka Mtume akasikia akiwa nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwita Ka'b, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu ya deni. Ka'b akakubali. Kisha, na hili ndilo tunaloliruka, akamgeukia yule mdaiwa akamwamuru ainuke akalipe.

Mwenye haki aliombwa apunguze, na alikubali mwenyewe kwa hiari. Mwenye deni hakuombwa, aliamriwa alipe, na hakupewa miezi sita ya "tunashughulikia faili lako". Tena deni lenyewe halikuwa na ubishi. Hakuna aliyemwambia Ka'b kwamba hana deni. Kwa hiyo mtu akikuletea suluhu ambayo wewe unapunguza halafu yeye bado halipi, mwambie amechukua nusu ya hadithi.

Mpaka mwingine ni ule unaojulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqhi: suluhu baina ya Waislamu inafaa, isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Hili si la kampuni peke yake, ni letu pia. Vijana mnajua vile mambo yanaenda gereji. Pikipiki imeharibika kwa elfu 20, fundi anaandika elfu 55, mnagawana. Kisha mnaenda kwenye usuluhishi mnashushwa mpaka elfu 40, kila mtu anafurahi. Hiyo ni suluhu? Hizo pesa ni za nani? Katika bima ya kawaida mtu anajidanganya kwamba anamwibia tajiri. Katika takaful mfuko ni wa yule mama wa Toi anayechangia kwa ajili ya kibanda chake cha mitumba, na soko lenyewe mnajua limewahi kuteketea zaidi ya mara moja. Ukichota kwa uongo, umemwibia yeye. Siku moto ukimfikia, atakuta mfuko mwepesi.

Wacha sasa tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Ni mfano wa kutunga, msianze kutafuta ni nani.

Tuseme kijana wa boda hapa Kongo ana pikipiki ya shilingi 160,000, ameinunua kwa mkopo wa chama. Alichukua takaful kamili, siyo thadi pati tu. Usiku mmoja inaibwa Barabara ya Naivasha. Anazunguka siku nne akiitafuta na wenzake, siku ya tano ndipo anapiga simu kwenye kampuni. Jibu linakuja kwa barua. Kwanza, umechelewa kuripoti, masharti yanasema saa 48. Pili, fomu yako inasema pikipiki ni ya matumizi ya binafsi, na wewe ulikuwa unabeba abiria. Madai yamekataliwa.

Kijana anawaka. "Wakati wa kuchukua pesa hawakuuliza!" Tukiangalia fomu tunakuta neno "binafsi" liliandikwa na wakala wa mauzo, kwa sababu mchango wa binafsi ni mdogo na kijana angekubali haraka. Saini ya chini lakini ni ya kijana. Hakuisoma. Kwa mizani ya mkataba mkavu, anaweza kupoteza kila kitu. Kwa mizani ya kelele za mtandaoni, kampuni yote ni matapeli. Mizani zote mbili zimekosea.

Mezani, msuluhishi anayejua kazi yake hataanza na nani ana makosa. Atauliza kila upande unaogopa nini. Kijana anaogopa chama, kwa sababu kila wiki deni linasimama pale pale na yeye hana chombo cha kazi. Kampuni inaogopa jambo ambalo nalo si dogo. Ikimlipa huyu kirahisi, kesho madereva wote wa boda wataandika "binafsi" na mfuko utalipa hatari ambayo haikuchangiwa. Hofu hizo mbili zikishawekwa wazi, njia inaonekana. Kuchelewa kuripoti kulileta hasara gani? Kama polisi alipewa taarifa asubuhi ya pili, na abstrakti ya polisi ipo na namba ya OB ipo, kuchelewa kupiga simu kwa kampuni hakukuficha kitu. Na juu ya matumizi, hesabu inawezekana: kama angeandikishwa kibiashara angechangia kiasi gani? Tofauti hiyo inatolewa katika fidia yake, na labda kidogo zaidi kwa sababu saini ni yake. Wakala wa mauzo ni mtu wa kampuni, kwa hiyo kampuni nayo inabeba kitu kwa alichokiandika. Tuseme wanafika kwenye shilingi 120,000, zilipwe ndani ya siku 14, moja kwa moja, na kampuni igharimie usajili wa makubaliano mahakamani. Kijana hajapata yote. Amepata cha kumlipa mwenye mkopo na kubaki na kianzio. Na "inuka ulipe" imo ndani, ina tarehe.

Mahakamani angeweza kupata 160,000. Angeweza pia kupata sifuri. Mimi kwa madai kama hayo ningekaa mezani.

Lakini si kila dai ni la mezani. Kampuni ikikataa hata kujibu barua, usiwabembeleze. Iko Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, wengi mnaijua kama IRA, ofisi zao ziko Upper Hill. Inasimamia kampuni za takaful kama inavyosimamia za bima ya kawaida. Unaandika malalamiko yako, unaambatanisha karatasi, nao wanaitaka kampuni ijieleze. Mara nyingi kampuni inakuwa na hamu ya suluhu baada ya barua hiyo, si kabla. Na pale penye ulaghai wa wazi, saini ya kughushi kwa mfano, hapo ni polisi na mahakama. Usikubali mtu akakufunike na neno suluhu.

Angalieni pia saa. Dai la mkataba kwa sheria ya Kenya lina miaka 6, dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka 3. Mazungumzo ya "rudi wiki ijayo" hayasimamishi saa hiyo. Mtu aliyegongwa na boda anaweza kuzungushwa kwa maneno matamu mpaka mwaka wa tatu uishe, kisha aambiwe pole. Kama mazungumzo yanavuta, fungua kesi, kisha omba ipelekwe kwa msuluhishi. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Na ile karatasi ya kupokea malipo. Kampuni ikikupa hundi, inakupa na fomu ya kutia saini kwamba umepokea, na kwamba hudai tena chochote. Wengi wanaona neno "umepokea" tu. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba karatasi hiyo ni mkataba kamili, na aliyeisaini bila kulaghaiwa wala kulazimishwa amejifunga. Kwa hiyo ukiwa na njaa, mwombe ndugu mwenye kushiba akusomee kwanza.

Nani akae katikati? Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wazee hawatalipenda. Tunapenda kumpeleka kila ugomvi kwa sheikh wa msikiti. Sheikh ana heshima, na heshima inatuliza watu. Lakini sheikh asiyeujua mkataba wa bima atasuluhisha kwa huruma, na huruma ya sheikh mara nyingi inamwangukia aliye mbele yake analia, au, Mungu atusamehe, aliyechangia zulia la msikiti. Na mjumbe wa bodi ya Sharia ya kampuni hiyohiyo asiwe msuluhishi kabisa, hata kama ni mcha Mungu kiasi gani. Analipwa na upande mmoja. Aje kama shahidi wa elimu, aulizwe mkataba unasema nini kisharia, ajibu, akae. Ninachokitaka mimi ni vijana wetu wenyewe wasomee usuluhishi na wasajiliwe. Sheria imeweka kamati maalumu ya kuwathibitisha wasuluhishi. Msichana wa Kibera aliyesoma sheria au hesabu za biashara, anayejua fiqhi ya muamalat, anayezungumza Kiswahili cha huku na kuelewa Kinubi cha nyumbani, huyo anatufaa kuliko mgeni mwenye suti. Tunalalamika kila siku kwamba taasisi hazina watu wetu. Hapa mlango haujafungwa.

Ningependa pia tudai kitu kikubwa zaidi. Tanzania, jirani zetu, sheria yao ya bima ya mwaka 2009 iliunda ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mahali pa mwananchi kupeleka shauri lake dhidi ya kampuni. Malaysia wana chombo cha namna hiyo cha huduma za fedha, na takaful imetajwa ndani yake waziwazi. Mteja halipi kitu kufungua shauri, na kwa miaka mingi kikomo cha madai kilikuwa ringiti 250,000. Sisi Kenya tuna IRA, mdhibiti, ambaye kazi yake ni kubwa na malalamiko ni sehemu moja tu ya kazi hiyo. Kampuni za takaful zenyewe zinaweza kuanza bila kungoja bunge. Ziandike katika kila mkataba, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba ugomvi utaanzia kwa msuluhishi huru, kwamba gharama si za mshiriki, na kwamba muda una kikomo. Tukienda kuchukua takaful tuulize swali hilo kabla ya kuuliza mchango ni shilingi ngapi. Ninyi ndio wenye mfuko. Mwendeshaji ni wakala wenu.

Kuna ndugu ameleta swali kwa karatasi: baba yake alikuwa na takaful ya familia, amefariki, jina lililoandikwa kwenye fomu ni la mke mdogo peke yake, na watoto wa mke mkubwa wanalalamika. Aende wapi? Hili ni tofauti na yote niliyosema, kwa sababu kampuni hapa haina ugomvi, iko tayari kulipa. Wanaogombana ni warithi. Hapa Kadhi anaingia, maana swali ni la mirathi na wote ni Waislamu. Swali lenyewe si jepesi. Wako wanachuoni wanaoona kwamba aliyeandikwa ni mwakilishi tu, anapokea kisha anagawa kwa warithi wote kwa mafungu yao. Malaysia katika sheria yao ya mwaka 2013 wameruhusu njia mbili: mtu aandikwe kama msimamizi wa kugawa, au apewe kama hiba yenye sharti, na fomu iseme wazi ni ipi kati ya hizo. Fomu nyingi haziko wazi hivyo. Ndugu yangu, kabla ya Kadhi, kaeni na mama mdogo, mwombeni kampuni ikupeni nakala ya fomu na mkataba wote, muone marehemu aliandika nini hasa. Isije ikawa mnagombania neno ambalo hakuna aliyelisoma.

Wenye fomu za takaful nyumbani, za pikipiki, kibanda au familia, mzilete Jumamosi baada ya Isha. Tutazisoma moja moja, ukurasa wa masharti kwanza. Mje na miwani kama mnazo, yale maandishi ni madogo.